Lalamiko na Mtunzaji: Mvutano katika Historia ya Programu Huria, 1991–2024

Agosti 1991, Linus Torvalds alipowatangazia watumiaji wa Minix kwamba anaandika mfumo-endeshi wake, aliwaomba wamweleze wanachokipenda na wasichokipenda katika Minix. Linux, basi, ilianza kwa kualika malalamiko. Makala haya yanadai kwamba lalamiko halikuwa adha tangu awali. Lilikuwa sehemu ya kazi yenyewe. Kilichobadilika ni mlalamikaji.

Katika muongo huo mtumiaji na mwandishi wa programu aghalabu walikuwa mtu mmoja. Aliyeona kosa alikuwa na msimbo mkononi na ujuzi wa kuurekebisha. Eric Raymond, katika insha yake ya 1997, aliujengea utaratibu huo nadharia: macho yakiwa mengi, makosa hufichuka upesi. Hakusisitiza vya kutosha sharti lake, yaani kwamba anayeona awe pia anaweza kutengeneza.

Programu hizo zilipoingia katika seva za benki na simu za mamilioni ya watu, sharti hilo lilivunjika. Leseni ziliendelea kutamka kwamba programu hutolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote, lakini ni nani asomaye leseni? Mwaka 2014 kasoro iliyoitwa Heartbleed ilifichuka katika OpenSSL, programu iliyolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya tovuti za dunia. Hapo ndipo wengi walipojua kwamba mradi huo ulikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa kudumu, na kwamba michango yake ilikuwa takriban dola 2,000 kwa mwaka.

Tukio la XZ Utils linafundisha zaidi, kwa kuwa humo lalamiko lenyewe lilitumiwa kama silaha. XZ Utils ni programu ndogo ya kubana data, imo katika matoleo mengi ya Linux, na kwa miaka mingi ilitunzwa bila malipo na Lasse Collin wa Finland. Mwaka 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta marekebisho. Mwaka uliofuata yalizuka majina mengine, yasiyokuwa na mchango wowote katika mradi, yakimshutumu Collin hadharani: anachelewa, ameuchoka mradi, heri amkabidhi mwingine. Collin alijibu kwa upole kwamba uwezo wake wakati huo ulikuwa mdogo na kwamba hii ni kazi ya kujitolea. Shutuma hazikukoma. Hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka ya utunzaji, na matoleo ya Februari na Machi 2024 yakabeba njia ya siri ya kuingilia seva. Andres Freund, mmoja wa waandishi wa PostgreSQL, aliigundua baada ya kuona kwamba kuingia katika kompyuta kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Alitangaza jambo hilo tarehe 29 Machi.

Jambo la kuzingatiwa na mwanahistoria ni kwamba shutuma zile hazikumshtua mtu. Zilifanana mno na zile ambazo watunzaji wengine walizoea kuzipokea kila wiki. Hila ilifaulu kwa sababu ya desturi.

Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kuhusu ustahimilivu wa kimtandao imelihamisha jukumu: linamwangukia anayeuza bidhaa, si mchangiaji asiyefanya biashara. Katika ukanda wetu suala hili si la mbali. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, unaotumiwa na wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda, ni programu huria, nao huhifadhi takwimu zake katika PostgreSQL. Mshauri wa sera anayeandaa zabuni ya mfumo wa aina hiyo anaweza kumtaka mzabuni aeleze ni nani atakayelipokea lalamiko la mhudumu wa zahanati, ni nani atakayelichuja kabla halijamfikia mtunzaji wa kujitolea, na ni sehemu gani ya malipo itakayomfikia mtunzaji huyo.