Missa Luba
Missa Luba ni misa ya Kilatini iliyozaliwa Kamina, Katanga, katika kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin, ambayo Guido Haazen, padri Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliiunda mwaka 1954 kwa wavulana wa shule na walimu wao. Iliimbwa mara ya kwanza mwaka 1958 na kurekodiwa mwaka huohuo. Sehemu zake ni zilezile ambazo Palestrina alizitungia muziki huko Roma katika karne ya 16, kuanzia Kyrie hadi Agnus Dei. Ila Palestrina aliandika kila sauti kwa nota. Waimbaji wa Kamina walibuni sehemu kubwa papo hapo, mmoja akitoa, wengine wakiitikia. Kyrie hufuata kasala, utenzi wa maombolezo wa Waluba. Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana, kisha Hosana huchangamka kwa mdundo wa ngoma ya Kasai. Credo inapofikia kusulubiwa kwa Yesu, husikika ngoma ya kutangazia msiba, na hakuna mahali misa hii inapogusa moyo zaidi. Sanctus ndiyo iliyovuma kuliko zote, hasa baada ya kutumiwa katika filamu ya Uingereza If.... ya mwaka 1968.