Saa Mbili za Mwisho Kuelekea Uhuru

Watoto wetu waliozaliwa huku Uingereza huijua picha ya Mwenge kabla hawajaijua Tanganyika. Wanaiona kwenye nembo ya Taifa tunayoitundika ukumbini kila tukisherehekea tarehe 9 Desemba. Wakiuliza nani aliupandisha mlimani, tunajibu upesi: Luteni Alexander Nyirenda, usiku wa kuamkia uhuru, mwaka 1961. Kisha tunarudi kwenye pilau.

Sisi nasi tulikuwa tunajua hilo tu, mpaka tulipokwenda wenyewe, wazazi na vijana kumi na mmoja wa jumuiya yetu, wengi wetu wauguzi. Tulifanya mazoezi kule Wales kwenye Mlima Snowdon, mita 1,085, tukarudi tumejisifu sana. Geti la Marangu, mahali unapoandikisha jina kabla hujaanza kupanda Kilimanjaro, liko juu kuliko kilele hicho.

Wengi hudhani kazi iko kwenye kokoto za juu ya Kibo Hut, unapoondoka usiku wa manane na kila hatua mbili unateleza moja. Ni kweli kunachosha. Lakini ukifika Gilman's Point, karibu mita 5,685, unagundua kwamba umefika ukingoni tu mwa shimo la volkano. Kilele kiko upande wa pili. Inabidi uufuate ukingo ule kwa saa moja na nusu, wengine mbili, kulia kwako shimo, kushoto theluji ya kusini, upepo ukikupiga kutoka popote unapotaka. Ukingo huo ndio uliowashinda wengi, na ndio wenye historia.

Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huu akaandika kwamba una theluji, na wasomi wa Ulaya wakambishia. Kiongozi wake wa msafara alikwisha kumwambia kile cheupe ni nini: baridi. Neno moja la Kiswahili, na lilitosha.

Mjerumani Hans Meyer alijaribu mwaka 1887 akashindwa. Akarudi mwaka 1889 na Ludwig Purtscheller, mpanda milima wa Austria. Tarehe 3 Oktoba walichonga ngazi kwenye barafu mpaka wakafika ukingoni. Hapo wakaona kwamba sehemu ya juu kabisa bado iko mbali, na nguvu zimekwisha. Wakageuka. Walirudi kambini wakapumzika, na tarehe 6 Oktoba ndipo walipokanyaga kilele. Waliweza kurudi tena kwa sababu kambini kulikuwa na chakula, na chakula kilikuwepo kwa sababu wapagazi walikuwa wakikipandisha kutoka Marangu. Mmoja aliyekaa nao kule juu kwenye baridi ni Mwini Amani, mtu wa Pangani. Fikiria mtu wa pwani, aliyezoea minazi, anachunga kambi penye maji yanayoganda! Wachaga nao wanamkumbuka Yohani Lauwo wa Marangu kuwa ndiye aliyewaongoza. Lakini ukipita ukingoni leo utakuta Gilman's, kwa jina la mhandisi wa reli, na Stella, kwa jina la mwanamke aliyefika pale na mumewe mwaka 1925. Mwini hana hata jiwe.

Meyer alikiita kilele kwa jina la Kaiser Wilhelm, akachukua na jiwe la juu kabisa. Kipande chake alipewa Kaiser, kikapachikwa kwenye ukuta wa jumba lake la Potsdam. Jina lile la Kaiser lilibaki hata Wajerumani walipokwisha kuondoka. Tulipopata uhuru wetu ndipo kilele kikaitwa Uhuru.

Wazo la kuweka mwanga pale Mwalimu Nyerere alilitoa mwezi Oktoba 1959, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria. Siku ile alizungumzia mshumaa, utakaomulika hata nje ya mipaka yetu kuwapa watu tumaini na heshima. Miaka miwili baadaye, huku bendera ya Mwingereza ikishushwa Dar es Salaam, Nyirenda alikuwa kule juu na Mwenge na bendera yetu. Tunamtaja peke yake, lakini picha yake maarufu haikujipiga yenyewe.

Sisi tulifika Gilman's jua likichomoza. Kijana wetu mmoja, mwenye miaka kumi na saba, alikuwa kimya mno. Kile kifaa cha kubana kidoleni kilionyesha oksijeni ya chini, ila kule kila mtu iko chini, na hakikututisha. Tulimwambia atembee kisigino kwa kidole, hatua kumi. Alipepesuka kwenye ya tatu. Muuguzi yeyote anajua maana yake: ubongo unaanza kuvimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, sasa hivi.

Baba yake hakukubali. Alikuwa ameweka akiba miaka mitatu, na bendera iko mfukoni. "Zimebaki saa mbili tu," alisema. Kiongozi wetu, mzaliwa wa Marangu, alimshika bega: "Mzee, kilele hakihami." Wakatazamana. Kisha baba akaitoa ile bendera akampa dada mmoja wa kundi letu aipeleke.

Watano waliendelea. Sisi wengine tulishuka na kijana, mpagazi mmoja akimshika mkono wa kulia na kumbebea begi juu ya mzigo wake mwenyewe. Tulipofika Horombo, mita 3,720, alikuwa anaongea vizuri na anadai chai. Mpagazi alimletea, akakaa naye mpaka akaimaliza, ndipo akaenda kutafuta chakula chake.

Bendera ilifika Uhuru, na picha yake tumeichapisha ukurasa wa mbele. Hii ya hapa ni ya Horombo: kijana na kikombe, baba yake, na yule mpagazi, ambaye aliona haya akageuza uso. Kijana amesema atarudi akimaliza mitihani ya A-level. Tumemwambia aanze kuweka akiba yake mwenyewe.