Kusoma kwa msichana na idadi ya watoto atakaozaa

Mama, huenda umeona kijijini kwako kwamba waliosoma hadi sekondari huwa na watoto wachache. Takwimu zinasema hivyo pia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 nchini Tanzania ulionyesha kuwa mwanamke ambaye hakusoma kabisa huzaa wastani wa watoto 6.9; aliyefika sekondari au zaidi, 3.6.

Shule haipunguzi uwezo wa kuzaa. Inachelewesha mimba ya kwanza. Msichana anayemaliza kidato cha nne ana miaka 17 au 18, wakati mwenzake aliyeacha shule mapema huenda tayari ameolewa na ana mtoto. Vijijini shida kubwa ni umbali: sekondari iko mbali, binti anapangishiwa chumba karibu na shule, anaishi peke yake bila mtu mzima. Kama hakuna hosteli, mtafutie familia mnayoiamini akae nayo, na mjulie hali mara kwa mara.

Akipata ujauzito, msimfukuze nyumbani. Mpeleke kliniki kabla mimba haijafika wiki 12. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni, kwa hiyo nenda ukaongee na mwalimu mkuu mapema.

Aliyesoma pia huuliza zaidi. Akisikia kwamba sindano ya uzazi wa mpango inaziba kizazi, anakuja kituoni kuhakikisha. Ukweli ni kwamba ukiacha sindano, mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa, lakini uwezo wa kuzaa unarudi. Kijiti na kitanzi vikitolewa, unaweza kushika mimba mara moja.

Je, kama wewe mwenyewe uliishia darasa la nne, au hukusoma? Maelezo haya hutolewa kwa mdomo, na njia zenyewe unaonyeshwa uzishike mkononi. Usiitikie tu "ndiyo" kwa sababu nesi ana haraka (haraka tunayo, kweli). Mwambie arudie, na akusomee kilichoandikwa kwenye kadi yako. Baada ya kujifungua, inashauriwa ipite angalau miaka 2 kabla ya kushika mimba nyingine. Mumeo akiwa na wasiwasi, njoo naye. Maswali yake tutayajibu pia. Huduma hii ni bure katika zahanati na vituo vya serikali.