Pangani: mji mdogo, historia nzito

Wadau, ukishuka Pangani, mkoani Tanga, cha kwanza utapenda utulivu. Mto unaingia baharini hapo hapo mjini, kivuko kinavusha watu na bodaboda kwenda Bweni, minazi kila kona. Hakuna presha.

Ila usiuchukulie poa. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka bara iliishia hapa. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ikataka bendera yao ipepee mjini, watu wakagoma, vita ikawaka pwani nzima. Aliyeiongoza, Abushiri bin Salim, alikuwa na shamba la miwa hapa hapa. Walimnyonga hapa hapa pia, Desemba 1889. Miaka minne baadaye, ng'ambo ya mto, Kikogwe, ukapandwa mkonge, zao lililokuja kuipa Tanga jina.

Sasa lami na daraja vinakuja. Safi, biashara itachangamka. Lakini zile nyumba za zamani zinaporomoka taratibu, na kiwanja karibu na lami hakikosi mnunuzi. Tukichelewa, wageni watafika haraka kuja kuangalia vifusi.

Nendeni mapema, na mkifika waulizeni wazee.