Mifupa ya Usambiro

Kusini kabisa mwa Ghuba ya Mwanza, pembezoni mwa ukanda wa dhahabu wa Geita, Church Missionary Society ilikuwa na kituo Usambiro. Machi 1888 Askofu Henry Parker alifia hapo. Tarehe 8 Februari 1890 akafuata Alexander Mackay, mhandisi wa Kiskoti aliyefukuzwa Buganda na Kabaka Mwanga mwaka 1887. Miezi michache kabla ya kifo chake alikuwa amempokea mpelelezi Stanley na msafara wake wa kumwokoa Emin Pasha. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilifukuliwa, ikazikwa upya Namirembe, Kampala. Uganda ikapata kaburi la shujaa wake, na Usambiro ikabaki na tarehe isiyo na kitu cha kuishikilia. Namirembe inastahili, maana kazi yake kubwa ilikuwa huko. Lakini homa iliyomuua ilikuwa ya upande huu wa ziwa, na kaburi ni hati ya mahali mtu alipokomea, si ya alipotukuka tu. Anayelihamisha anadaiwa maandishi.

Nitaambiwa kwamba nashabikia mawe, nami nasema jiwe si la lazima. Wakweka wa Uingereza, ambao wenzao wa Marekani walifungua misheni Kaimosi, Kenya, mwaka 1902, waliyakataza mawe ya makaburi mwaka 1717 kwa kuyaona ni majivuno. Mwaka 1850 ndipo wakayaruhusu, nayo yawe ya kawaida na ya kufanana. Mtu akipita kwenye makaburi yao ya zamani huona nyasi tupu, tajiri na fukara wamelala sawa. Hata hivyo wafu hao hawakupotea, kwa sababu tangu karne ya 17 waliandikwa katika madaftari ya maziko. Walichokataa ni fahari; kumbukumbu waliitunza. Vivyo hivyo, kwa Msukuma wa pande hizi aliyezikwa ndani ya kaya yake bila jiwe, daftari ni midomo ya wajukuu, nalo halina kasoro maadamu kaya ipo pale pale.

Tatizo huanza kaya inapong'oka. Dhahabu ya Geita ilifahamika tangu enzi za Wajerumani, na mashimo ya migodi ya leo, yanayong'oa kaya, ni mapana kuliko kijiji. Tanzania ipo Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na wako watakaosema hiyo yatosha: ndugu wanapewa taarifa, wanalipwa fidia, marehemu anazikwa upya kwa heshima. Yatosha kwa ndugu, na si jambo dogo. Ila fidia humjua mdai, na kaburi la mtemi wa zamani au la mchimbaji aliyetoka mbali huenda lisiwe na mdai. Mackay alikuwa na kanisa zima la kumfuata hadi Usambiro baada ya miaka 37. Hao wengine wangehitaji mstari mmoja tu katika daftari la wilaya: jina kama linajulikana, mahali shimo lilipokuwa, siku lilipofunguliwa, na kilima walikopelekwa.