Lugha Moja Haitoshi: Bweni na Uongozi wa Wanafunzi katika Shule za Kikatoliki za Burundi

Sisi walimu wa Kiswahili tuna msemo tuupendao, kwamba lugha moja hujenga taifa moja. Hapana shaka msemo huo una ukweli ndani yake, na historia ya Tanzania ni shahidi. Lakini nchi ya Burundi yatudai tutafakari zaidi. Huko Wahutu, Watutsi na Watwa husema lugha ileile, yaani Kirundi. Huishi katika vilima vilevile, na wengi wao husali katika makanisa yaleyale. Hata hivyo damu ilimwagika mwaka 1965, ikamwagika kwa wingi wa kutisha mwaka 1972, kisha 1988, na tena katika vita vilivyoanza mwaka 1993. Ikiwa lugha moja haikutosha kuwazuia watu wasiuane, basi ni kitu gani kinachotosha? Sehemu moja ya jibu, kwa maoni yetu, yapatikana katika bweni la shule.

Tuanze na zamani za ukoloni wa Wabelgiji. Mwaka 1929 Mabruda wa Upendo walianzisha shule kubwa ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare, katika Rwanda. Shule hiyo ilipokea vijana wa Rwanda na Burundi pamoja, ikawaandaa kuwa makarani, wasaidizi wa waganga na wa mifugo, na hasa watawala wa kienyeji. Wana wa machifu walipewa nafasi ya kwanza, na wengi wao walikuwa Watutsi. Mwanafunzi wa Astrida alijua tangu siku ya kwanza kuwa yeye ameteuliwa kutawala. Katika hali kama hiyo, ukiranja wa bwenini ulikuwa mazoezi ya uchifu: mmoja huamuru, wengine hutii, na anayeamuru hujulikana kwao kabla hajajulikana kwa matendo yake.

Hata hivyo tusiihukumu shule hiyo kwa kosa hilo peke yake. Katika madarasa yake alipita Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyekwenda kusoma Ubelgiji, akarudi na kukiongoza chama cha UPRONA. Chama hicho kiliwakusanya Wahutu na Watutsi, na kilipata wafuasi hodari miongoni mwa Waswahili wa mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi. Mnamo Septemba 1961 kilishinda viti 58 kati ya 64. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 13 Oktoba, Rwagasore aliuawa kwa risasi katika hoteli moja kando ya ziwa Tanganyika. Nchi ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1962 bila ya yule aliyeweza kuishika pamoja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilizaliwa shule ya aina nyingine. Wajesuiti walijenga juu ya kilima cha Kiriri, kinachotazama mji wa Usumbura, ndio Bujumbura ya leo, chuo cha Roho Mtakatifu. Chuo hicho kilikusudiwa kupokea vijana wa rangi zote, Waafrika, Wazungu na Waasia, chini ya paa moja. Chini ya kilima, mji ulikuwa umegawanyika: Wazungu kwao, Waasia kwao, Waafrika katika Buyenzi na Bwiza. Juu ya kilima vijana walitakiwa kula meza moja. Tendo hilo lilikuwa dogo likilinganishwa na uzito wa ukoloni, lakini halikuwa la bure.

Yafaa tukumbuke kwamba Wajesuiti wana mapokeo ya kale katika jambo hili. Kanuni zao za masomo, zilizotolewa mwaka 1599, zilitaka wanafunzi wachache wateuliwe kuwasikiliza wenzao wakisoma kwa moyo masomo yao, kila mmoja akipewa kikundi chake, na jina la cheo hicho katika Kilatini latokana na hesabu ya kumi. Maana yake ni hii: anayewasaidia wenzake kumi aweza kumjua kila mmoja kwa jina, kwa udhaifu wake na kwa kipaji chake. Uongozi wa namna hiyo ni kazi ya utumishi, na si daraja la kupandia.

Lakini jina la mwanafunzi, mtu akilijua na moyo wake ukawa mbaya, laweza kugeuka silaha. Hayo yalionekana mwaka 1972. Baada ya maasi yaliyozuka tarehe 29 Aprili, ambayo nayo yaliua Watutsi wengi huko kusini, serikali ya Michel Micombero ililipiza kisasi kwa Wahutu, na hasa kwa waliosoma. Askari na vijana wa chama waliingia katika shule na Chuo Kikuu, wakaita majina, wakawachukua wanafunzi Wahutu, na walio wengi hawakurudi. Ndugu walimu, orodha ya majina ni chombo chetu cha kila asubuhi. Mwaka ule iligeuzwa kuwa chombo cha mauti. Darasa lilikuwa na nidhamu, lugha moja na kengele moja, ila halikuwa na umoja wa kulifanya liseme: hatoki mtu hapa.

Baada ya hapo shule za Kanisa zilipitia misukosuko. Utawala wa Jean-Baptiste Bagaza, ulioanza mwaka 1976, uligombana na Kanisa Katoliki, ukawafukuza wamisionari wengi, na kufikia mwaka 1986 ukazitwaa seminari ndogo. Mwaka 1987 Bagaza alipinduliwa, na ugomvi huo ukapoa. Majengo ya Kiriri yamekuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Burundi, na jina la Roho Mtakatifu laendelea katika shule nyingine ya Wajesuiti mjini Bujumbura.

Sasa tufike Buta, karibu na Bururi, kusini mwa nchi. Seminari ndogo ya Buta ni shule ya sekondari ya bweni. Vita vilipopamba moto baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, vijana wake waliwasili kutoka familia zilizokuwa zikiliana na kulaumiana. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, hakuwaambia wanyamaze. Aliwaachia nafasi ya kusema waziwazi waliyoyaona makwao na waliyoyaogopa, akaitilia nguvu michezo, ngoma na sala ya pamoja, ili siku isipite bila ya Mhutu na Mtutsi kufanya jambo moja.

Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliivamia seminari. Waliingia mabwenini, wakawaamuru vijana wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana walikataa. Wakapigwa risasi na kutupiwa mabomu ya mkono, na wanafunzi 40 wakapoteza maisha, Wahutu na Watutsi pamoja. Wamezikwa palepale shuleni, na mwaka 2019 Kanisa la Burundi lilifungua kesi ya kuwatangaza wenye heri.

Tukilinganisha mwaka 1972 na 1997, tofauti haikuwa katika lugha, wala katika dini, wala katika sare. Kilichobadilika ni malezi ya siku kwa siku. Vijana wa Buta hawakusubiri kiranja awape amri ya kukataa, kwa kuwa uongozi ulikuwa umekwisha kugawanywa miongoni mwao wote. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Nao walikuwa wamekunjwa mapema, kwa mazungumzo, kwa mpira, kwa ngoma.

Mjini Bujumbura penyewe somo hilo halikupotea. Katika mitaa ya kaskazini, iliyotengana kwa kabila wakati wa vita, Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoanzishwa na wamisionari Waxaveri, kiliwakutanisha vijana wa pande zote kwa masomo na michezo. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa iitwayo Right Livelihood.

Sisi wa Kiswahili tujifunze nini? Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na lugha yetu imeingia katika shule zake za msingi. Tufurahi, lakini tusidhani kuwa ngeli na methali peke yake zitaleta undugu. Lugha ni mlango. Kuingia ni kazi nyingine. Basi tunapochagua viranja, tusiulize tu nani ana sauti ya kunyamazisha bweni. Tuulize nani huanza kuwagawia wenzake kabla ya kujipakulia, nani hukaa na mgonjwa, nani humtetea asiye wa kwao. Tena kazi hizo zizunguke kwa zamu, ili kila mtoto azizoee. Na kila asubuhi tufunguapo orodha ya majina, tukumbuke kuwa tunaita watu waliowekwa mikononi mwetu.