Omubisi: Juisi ya Ndizi Kabla ya Blenda

Desemba iliyopita dada yangu alikuja kijijini na blenda. Nyumba ya babu ilikuwa imeingiziwa umeme mwaka huo huo, na sote tulitaka kuona mashine hiyo inavyofanya kazi. Alimenya ndizi nne mbivu, akakata nusu ya papai, akatia maziwa, akabonyeza. Baada ya dakika moja tukawa na kinywaji kizito chenye povu, na kusema kweli kilikuwa kitamu sana. Babu, ambaye sisi Waganda tunamwita jjajja, alipewa glasi ya kwanza kama inavyostahili. Alionja, akaweka glasi chini, akasema, "Asante, mjukuu wangu. Huu ni uji mzuri."

Tulicheka, lakini mwenyewe hakuwa anatania. Kwake juisi ya ndizi ni maji mepesi, matamu, ya rangi ya chai hafifu, unayoweza kuyanywa kibuyu kizima ukiwa na kiu. Jina lake ni omubisi. Mimi nilikuwa nimesoma sekondari miaka sita, na katika daftari langu la historia nilikuwa nimeandika kwamba kabla ya Wazungu watu wetu walikula matunda yakiwa mazima au waliyafanya pombe, na kwamba juisi ililetwa na wageni. Niliandika hivyo hata katika mtihani na nikapata alama zangu. Insha hii naiandika kwa sababu siamini tena jibu lile.

Nianze na kazi yenyewe, maana ndani yake ndimo ulimo ushahidi. Si kila ndizi hutoa juisi. Matoke, chakula chetu cha kila siku, yakiiva hulainika tu. Ukiyakamua unapata rojo, sawa na ile ya blenda. Zinazofaa ni mbidde, ambazo ni ndugu wa matoke lakini zina ukakasi unaovuta ulimi, na kayinja, ambayo ni mgeni aliyekuja baadaye kutoka Asia. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado ya kijani. Huchimbwa shimo, likapashwa moto, likatandikwa majani ya mgomba, mikungu ikapangwa humo na kufunikwa kwa majani na udongo. Siku ya nne au ya tano shimo hufunuliwa. Jjajja hubonyeza ndizi moja kwa kidole gumba bila kusema neno. Ama anafunika tena, ama anaita watu. Kosea siku moja tu na juisi haitoki.

Baada ya kumenywa, ndizi huwekwa katika mtumbwi wa mbao. Kwa Kiganda chombo hiki huitwa eryato, neno lile lile la chombo cha kuvukia ziwa, na ukikiona utajua sababu. Juu yake hutiwa nyasi kali ziitwazo lusenke, kisha watu hukanda kwa mikono, au hukanyaga kwa miguu kama ndizi ni nyingi. Mwanzoni ni tope tu. Unakanda, unakanda, unaanza kukata tamaa, halafu ghafla povu linapanda na maji yanajitenga na nyama ya ndizi. Huinamisha mtumbwi, yakachujwa kwa nyasi zile zile. Hapo hakuna hata tone moja la maji lililoongezwa. Blenda haiwezi kufanya hivi hata ikizunguka siku nzima, kwa sababu visu vyake husaga kila kitu pamoja na kukichanganya, wakati nyasi hushika nyama na kuyaachia maji yatoke.

Na blenda yenyewe bado ni kijana. Stephen Poplawski wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alipata hataza ya mashine yake ya kuchanganya vinywaji mwaka 1922, na chombo hiki kilianza kupata umaarufu mwaka 1937 pale mwanamuziki Fred Waring alipokitangaza. Sitaki kushindanisha mtumbwi na Marekani. Nataka tu tarehe ziwe mahali pake.

Sasa kwa nini omubisi haumo katika madaftari yetu? Nadhani jibu liko kwa waliokuwa wakiandika. John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa I mwaka 1862, na katika kitabu chake kinywaji cha ndizi ni "pombe" tu, neno alilolipata katika misafara iliyotoka pwani. Mmishonari John Roscoe, katika kitabu chake juu ya Waganda cha mwaka 1911, alieleza ukamuaji wa ndizi, lakini kwake pia safari yote inaelekea kwenye pombe. Serikali nazo zilikuwa na sababu zao. Pombe hutozwa ushuru, hupigwa marufuku, huombewa leseni. Mwaka 1965 Uganda huru ilipitisha sheria ya Enguli kuhusu pombe kali inayochemshwa majumbani. Juisi haimlevyi mtu wala haimpeleki mahakamani, kwa hiyo haina faili.

Mtu anaweza kunipinga hapa akisema omubisi si juisi bali ni pombe ambayo haijawa tayari. Hoja hii ina uzito. Ni kweli kwamba ukitia mtama uliokaangwa na kusagwa, ukafunika, kesho yake unaanza kuwa na mwenge, na ni kweli kwamba watu wengi waliukamua kwa ajili hiyo. Lakini kwanza tuliangalie neno. Mzizi -bisi wa Kiganda ni ule ule -bichi wa Kiswahili. Waliokipa kinywaji hiki jina walikiita kwa ubichi wake, na asali nayo tunaiita omubisi gw'enjuki, yaani omubisi wa nyuki. Kitu ambacho ni hatua tu ya kupita njiani hakipewi jina ambalo hata asali hulishiriki.

Ushahidi wa pili uko nyumbani kwetu. Mwaka 1844 mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alikuwa katika ikulu ya Kabaka Suuna II, na ndiye anayetajwa kuwa wa kwanza kuzungumzia Uislamu pale. Mutesa aliyemfuata alifunga Ramadhani kwa miaka kadhaa. Baadhi ya watu wa ikulu walisilimu, na miongoni mwa walioshika dini kwa nguvu kuliko Kabaka mwenyewe wapo waliouawa mwaka 1876. Kwa familia iliyosilimu swali halikuwa la vitabuni: mtumbwi uko uani, ndizi zimeiva, tufanye nini? Jjajja ni Mwislamu, na baba yake alikuwa Mwislamu. Jibu lao ni kukamua asubuhi, kunywa siku hiyo hiyo, na kugawia majirani kinachobaki kabla ya jua kuzama. "Ukilala," husema, "si wangu tena." Katika Ramadhani walifuturu nao. Kwa watu hawa omubisi haukuwa ukielekea popote. Na Walokole, waliokuja baadaye na kukataa pombe, walifanya vivyo hivyo, ingawa jjajja hapendi sana kufananishwa nao.

Basi baada ya ule "uji" nilimwomba anifundishe. Alinyamaza kidogo, akasema hana ndizi. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba, ambao kwetu unaitwa kiwotoka, ulionekana wilayani Mukono, kisha ukaenea. Wadudu huubeba kutoka ua moja la mgomba hadi jingine, na kayinja ndiyo huathirika upesi zaidi. Shamba lake lilipofikiwa aling'oa mashina yote ya kayinja na kuyazika, na siku hizi ana matoke na kahawa tu. Wajukuu tulikuwa tukija kila likizo, lakini hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini mtumbwi umekauka.

Tulinunua mikungu miwili ya mbidde kwa jirani. Nilichimba shimo mimi, na siku ya nne nilitaka tufungue. Yeye akabonyeza, akafunika. Siku ya tano tulikanda, mimi na binamu zangu wawili, na nyasi zilinikata viganja. Povu lilipopanda nilipiga kelele kama mtoto. Tulipata madumu mawili madogo, na jjajja alikunywa glasi tatu akiwa amesimama. Dada alimimina kidogo katika blenda pamoja na papai, na hilo sasa hata yeye alilikubali.

Mtumbwi umebaki kwake, umeegemezwa nyuma ya jiko. Mwezi wa Januari tulipanda miche mitano ya mbidde upande wa pili wa shamba, mbali na mahali kiwotoka ilipokuwa. Itachukua zaidi ya mwaka kuzaa.